Sababu ya Kuandika Usiyoitaja Mbele za Watu

Mwulize mtu anayeandika hadithi au mashairi kwa nini anaandika. Mara nyingi atakujibu, "Nataka kuelimisha jamii." Ni jibu zuri, halina ubishi, ila kwa nilivyoona mimi ni nadra kumfikisha mtu ukurasa wa kumi. Nimekaa na waandishi chipukizi wa kutosha kujua kwamba jibu la kweli huja baadaye, mazungumzo yakishakolea. Kuna mtu alimdharau. Kuna jambo la ukoo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Au alisoma kitabu kibovu akajisemea, hata mimi naweza.

Hiyo inayosemwa kwa sauti ya chini ndiyo ningekushauri uiandikie.

Mwandishi Mwingereza George Orwell hakuona haya katika hili. Mwaka 1946, katika insha fupi, alitaja misukumo minne ya mwandishi ukiondoa riziki: ubinafsi, mapenzi ya uzuri wa maneno, hamu ya kuweka kumbukumbu ya mambo yalivyo, na nia ya kisiasa. Ubinafsi aliutanguliza, na ndani yake akaweka hata kulipiza kisasi kwa watu wazima waliokupuuza utotoni. Nilipoisoma mara ya kwanza nilipumua. Kumbe kutaka kusifiwa si dhambi, ni sehemu ya mzigo tu.

Mimi kilichonianzisha ni kukereka. Nilikuwa nasoma riwaya moja nene, na katika sura ya nne akaingia mtumishi wa kike na sinia. Akapanga vikombe mezani, akamwona bwana wa nyumba akisukumia barua chini ya mto wa kiti, akatoka. Barua ile ndiyo iliyozua balaa lote lililofuata, lakini yule mtumishi hakurudi tena. Nikafika ukurasa wa mwisho namsubiri. Jamani, si aliiona barua? Alimwambia nani? Alinyamaza kwa woga, au kwa sababu alikuwa na yake moyoni? Nikachukua daftari nikaanza kumfuata kutoka mlangoni, korido nzima, sinia tupu kwapani. Nilikwama kwenye swali moja: anapofika jikoni anacheka au hacheki? Kila jibu lilinipa mwanamke mwingine kabisa. Sijui kama jamii ilielimika, lakini usiku ule sikulala mapema.

Ukitaka kujua kama msukumo wako una nguvu, angalia kama una swali ndani yake ambalo wewe mwenyewe hujui jibu. Anayetaka kufundisha jibu analo tayari, kwa hiyo wahusika wake hawana la kufanya ila kusimama na kulitamka. Ndiyo maana hadithi nyingi za mafunzo zinachosha hata mafunzo yenyewe yakiwa mema.

Kuna jaribio ambalo huwa nawatajia wanaoniomba ushauri. Mwanasaikolojia Teresa Amabile wa Marekani alilichapisha mwaka 1985. Vijana 72 waliozoea kuandika kazi za ubunifu walitunga shairi fupi, kisha wakatunga la pili. Kabla ya lile la pili, baadhi walijaza dodoso lililowafanya wafikirie sababu za nje za kuandika, kama pesa na sifa. Wengine walijaza la sababu za ndani, kama raha ya kucheza na maneno. Waliobaki hawakupewa dodoso la namna hiyo. Waamuzi walikuwa washairi, na waliona ubunifu umeshuka kwa wale waliowaza pesa na sifa. Muda mfupi tu wa kuyawaza hayo ulitosha.

Mimi lakini huvutiwa zaidi na sehemu ambayo watu huiruka. Waliokumbushwa sababu za ndani hawakuwazidi kwa kiasi cha maana wale ambao hawakukumbushwa chochote. Naichukulia hivi: hamasa za "amini ndoto yako" hazikuongezei kitu. Mwandishi anayeandika kwa hiari mapenzi anayo tayari, na kazi yake ni kuwafukuza wageni mezani. Kwa hiyo rasimu ikiwa bado mbichi, usiwatangazie watu kwamba unaandika kitabu, usihesabu maneno kwa ajili ya shindano, na usimwazie mhakiki.

Badala yake, mwazie mtu mmoja. Mwana Kupona alipotunga utendi wake karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimkalisha binti yake karibu na kusema naye. Tunausoma hadi leo, sisi tusiokuwa binti zake, na nadhani ni kwa sababu hakutusemesha sisi. Mimi huandika jina la mtu mmoja juu ya ukurasa, kisha hulifuta mwishoni. Wakati mwingine ni mtu niliyegombana naye, na hapo maandishi huwa na ukali wa kupendeza.

Uchungu nao unasukuma sana. Abdilatif Abdalla alikuwa gerezani Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga humo aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ila uchungu ni bwana mgumu: ukiuandika ungali wa moto, hukupa kurasa nyingi za kulia na chache za kusomeka. Ziandike zote, kisha ziweke kando hadi uweze kuzikata bila huruma.

Pesa je? Sizibezi. Mwaka 1866 mwandishi Mrusi Dostoevsky alikuwa amebanwa na madeni, na mkataba wake ulisema asipokabidhi riwaya ifikapo tarehe 1 Novemba, mchapishaji angepata haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Alimwajiri mwandishi wa hati mkato, Anna Snitkina, akamtamkia riwaya nzima, naye akiandika, kwa siku 26. Lakini habari yenyewe ilikuwa ya mcheza kamari, na kamari ilikuwa ikimtafuna yeye mwenyewe. Deni lilimpa tarehe. Cha kuandika alikuwa nacho tangu zamani.

Kwa hiyo pesa na sifa ziache zingoje nje mpaka rasimu iishe, kisha zikaribishe kwa heshima zote. Tafuta mchapishaji, dai malipo yako, na mkataba usome kifungu kwa kifungu. Anna aliolewa na Dostoevsky mwaka uliofuata, na baadaye ni yeye aliyeshika mambo ya kuchapa na kuuza vitabu vya mumewe.