Kabla hujapanda basi kwenda mashindanoni

Wadogo zangu mnaonizonga kila Jumamosi mkitaka kujua mtu anaanzaje kuishi kwa tenisi, mimi huwa siwasimulii Federer wala Nadal. Nawasimulia mchezaji mmoja wa Denmark ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia, Frederik Nielsen.

Alizaliwa Lyngby, karibu na Copenhagen, mwaka 1983. Babu yake, Kurt Nielsen, alifika fainali ya Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, mara mbili, 1953 na 1955, akafungwa zote mbili. Ukiwa na babu wa namna hiyo watu hudhani umezaliwa njia nyeupe. Wapi! Kwa mchezo wa mmoja mmoja, nafasi ya juu kabisa aliyowahi kuishika mjukuu huyu ni ya 190 duniani, mwaka 2011.

Msiicheke hiyo 190. Droo kuu ya wanaume pale Wimbledon ina watu 128. 104 wanaingia kwa nafasi zao, 16 wanapenya kwenye mchujo, 8 wanaalikwa na waandaaji. Kwa hiyo mtu wa 190, aliyewapita maelfu, bado anapiga hodi kwenye mchujo na kutakiwa kushinda mechi tatu kabla hajahesabiwa kuwa amefika. Na pointi zinazokupa hiyo nafasi zinaoza. Ulizopata wiki kama hii mwaka jana zinafutwa, uzitafute upya.

Huko chini ndiko mtakakoanzia nyinyi, kwenye mashindano ya dola 15,000. Hizo ni za kugawana wote, msije mkachanganyikiwa. Kwa viwango nilivyovizoea mimi, bingwa anaondoka na dola 2,160 na pointi 15, na anayetolewa raundi ya kwanza ya droo kuu anapewa dola 156 bila pointi hata moja. Toa hapo nauli, chumba, chakula, halafu nyuzi za raketi. Nyuzi hizi watu huzisahau kwenye bajeti! Ukipiga kwa nguvu unakata nyuzi za raketi nzima kwa siku, na kama hujui kufunga mwenyewe unamlipa mtu kila mara. Jifunze kufunga. Mimi nilijifunza kwa kuharibu raketi mbili, lakini baadaye ufundi huo ndio ulionilisha kuliko ushindi wangu wowote.

Safari yangu ya kwanza nilitoka Dar kwa basi hadi Nairobi. Namanga tulikaa sana, nikafika klabuni miguu imevimba, na daftari la kuandikisha timu za wawili wawili limeshafungwa. Wala sikuwa na mwenzangu wa kucheza naye, nilijiambia nitampata hukohuko. Kesho yake nikapigwa 6-1, 6-2 kwenye mchujo. Siku tatu zilizobaki nilikaa kwenye benchi nikiwatazama waliotolewa mapema kama mimi wakirudi uwanjani jioni, wawili wawili, kutafuta hela ya chumba.

Nielsen mnamkuta hapo hapo. Mwaka 2012 yeye na Mwingereza Jonathan Marray waliingia Wimbledon ya wawili wawili kwa kualikwa tu. Nusu fainali wakawatoa ndugu wawili, Bob na Mike Bryan, timu iliyokuwa ikitisha kila mtu enzi hizo. Fainali ikaenda seti tano dhidi ya Robert Lindstedt na Horia Tecău, wakashinda. Hakuna timu ya kualikwa iliyowahi kulichukua taji hilo la wanaume kabla yao. Zawadi ilikuwa pauni 260,000, za kugawana wawili. Babu mtu alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla.

Kilichofuata ndicho kilichonisumbua miaka mingi. Badala ya kung'ang'ania mchezo uliompa taji, Nielsen alirudi kuhangaikia mmoja mmoja, kule chini kwenye mashindano madogo, na ile 190 hakuivuka kamwe. Nilimwona mjinga. Siku hizi nimelegea kidogo, kwa sababu nimewaona vijana walioacha wanachokipenda kwa ajili ya hela, na ndani ya miezi sita wanachukia hata harufu ya mpira mpya. Yeye alijua anafukuza nini, na gharama yake aliijua. Baadaye akaja kuwa nahodha wa Denmark kwenye Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa, kwa hiyo mchezo haukumtupa. Ila yeye alichagua akiwa tayari na taji la Wimbledon kabatini. Nyinyi hamna hata pointi moja.

Basi Jumamosi ijayo njooni kila mtu na mwenzake. Atakayekuja peke yake atatuokotea mipira.