Siku mbili Tokaj kwa mkulima wa zabibu: ukungu kwanza, glasi baadaye

SWALI: Ninalima zabibu Dodoma, ekari tatu za Makutupora nyekundu na moja ya Chenin Blanc. Mwishoni mwa Oktoba nitakuwa Budapest kikazi na nitabaki na siku mbili huru. Nataka kufika Tokaj, mji wa mvinyo kaskazini-mashariki mwa Hungary, nione wanavyotengeneza aszú, ule mvinyo mtamu wa zabibu zilizooza. Niende vipi, nianzie wapi, nionje nini, nirudi na nini? Na je, huku kwetu unawezekana?

JIBU: Ndugu mkulima, majira uliyochagua ndiyo yenyewe. Kosa la wageni wengi ni kushuka kwenye treni na kuingia moja kwa moja handakini, yaani ghala la mvinyo la chini ya ardhi, kuonja. Wanarudi wanajua ladha, hawajui chanzo chake. Wewe ni mkulima, kwa hiyo panga safari yako kwa kufuata ukungu.

Treni za kwenda Tokaj nyingi huondokea kituo cha Keleti, Budapest, na huchukua saa mbili na nusu hadi tatu kupitia Miskolc na Szerencs. Soma vizuri jina la kituo kwenye tiketi, kwa sababu Budapest ina vituo vikubwa kadhaa. Kwenye ubao, "indul" ni zinazoondoka, "érkezik" zinazofika, na "vágány" ni namba ya reli. Saa zao zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane: 7:30 kwao ni saa moja na nusu asubuhi kwetu. Ondoka jioni ya siku iliyotangulia, ulale Tokaj. Ukisubiri treni ya asubuhi, utafika ukungu umeshapanda na kuondoka.

Usikodi gari kama unakusudia kuonja. Sheria ya Hungary haimruhusu dereva kuwa na pombe mwilini hata chembe. Kutoka kituoni hadi katikati ya mji ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu, na mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba unaumaliza kwa kutembea. Chukua forinti taslimu kidogo kwa ajili ya watengenezaji wadogo. Euro si fedha ya nchi hiyo. Jihadhari pia na tarehe 23 Oktoba na 1 Novemba: ni sikukuu za kitaifa, maduka mengi hufungwa. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, kwa hiyo giza litakukuta mapema kuliko ulivyotarajia.

Sasa asubuhi ya kwanza. Tokaj imekaa pale mto Bodrog unapoingia mto Tisza, chini ya kilima cha Kopasz chenye urefu wa mita 500 na kidogo, kwenye ncha ya kusini ya milima ya Zemplén. Panda Kopasz mapema kwa njia zinazopita mashambani. Vaa koti na viatu visivyoteleza. Kama hali ya hewa ni njema, chini utaona ukungu mweupe umelala juu ya Bodrog na kupanda kwenye mizabibu ya miteremko ya chini. Kufikia saa nne au saa tano jua na upepo huuondoa, na mchana unakuwa mkavu.

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana neno ni lile lile: ukungu wa hewa ndio unaoleta ukungu wa zabibu. Kuvu aitwaye Botrytis cinerea huamshwa na unyevu wa asubuhi, akatoboa ganda la zabibu iliyokwisha kuiva. Jua la mchana humzuia asisambae ovyo, na maji hutoka kupitia matundu yale. Punje husinyaa, sukari na uchachu vinabaki vimekolea. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo bila mchana mkavu, kuvu huyo huyo anageuka mharibifu: punje zinapasuka, zinanuka siki, mavuno yanakwenda. Na ukungu usipokuja kabisa, punje hukauka bila kuvu na ladha inakuwa nyingine. Ndiyo maana si kila mwaka hutoa aszú ya kutosha.

Ukiwa shambani, angalia kichala kimoja kwa makini. Utakuta punje za njano zilizo nzima, za zambarau zilizoanza kulainika, na za kahawia zilizokunjamana, zote kwenye kikonyo kimoja. Wavunaji huchuma hizo za mwisho tu, moja moja kwa mkono, na hurudi kwenye mzabibu ule ule mara kadhaa kati ya Oktoba na Novemba. Kwa kawaida mtu mmoja hajazi puttony moja, yaani kapu la mgongoni la kilo 25 hivi, kwa siku nzima. Bei ya chupa inaanzia hapo. Usiguse wala usichume bila ruhusa.

Aina kuu ya zabibu ni Furmint, ya pili Hárslevelű. Furmint huchelewa kuiva na ina uchachu mkali, na huo uchachu ndio siri: bila huo, sukari yote ile ingekuwa asali tu mdomoni.

Mchana nenda handakini. Andika barua pepe wiki moja au mbili kabla, useme wewe ni mkulima na unataka kuona kazi ya aszú. Oktoba familia nzima iko shambani, na ukibisha hodi bila miadi utakuta mlango umeandikwa "zárva", yaani umefungwa. Kama hukupata miadi, handaki la Rákóczi liko katikati ya mji kwenye uwanja wa Kossuth, na hupokea wageni wa kawaida. Humo joto ni nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima. Kuta zimefunikwa na kuvu mweusi kama pamba. Si uchafu: hulishwa na mvuke wa pombe unaotoka kwenye mapipa. Usiukwangue.

Hatua za kuuliza ni hizi. Punje za aszú huwekwa kando, kisha hulowekwa kwenye mchuzi mbichi wa zabibu, au unaochacha, au mvinyo mpya, kwa saa 12 hadi 48. Halafu hukamuliwa, na mchuzi huo huchacha polepole sana, kwa sababu hamira hulemewa na sukari. Baadaye mvinyo hukaa kwenye pipa la mwaloni kwa miezi isiyopungua 18. Zamani namba kwenye chupa ilihesabu puttony ngapi zimetiwa kwenye pipa moja la gönci la lita 136. Siku hizi inapima sukari iliyobaki: puttony 5 ni gramu 120 au zaidi kwa lita, 6 ni gramu 150 au zaidi. Chupa iliyoandikwa Aszú tu bila namba nayo haishuki chini ya gramu 120. Uliza hasa muda wa kuloweka na nguvu ya kukamua: wakikamua kwa nguvu mno, mbegu hupasuka na uchungu huingia.

Kuonja kuna mpangilio wake, na ukiuvuruga ulimi unakufa mapema. Kula kwanza. Supu ya samaki ya pilipili ya paprika, halászlé, inafaa. Kama huli nguruwe, tafuta neno "sertés" kwenye menyu uliepuke. Kisha anza na Furmint kavu (száraz), fuata na szamorodni kavu, halafu szamorodni tamu (édes), ndipo aszú. Szamorodni ni neno la Kipolandi lenye maana ya "kama ulivyozaliwa": kichala hukamuliwa kizima, zabibu nzima na zilizosinyaa pamoja. Kwa mkulima, huo ndio mvinyo unaofundisha zaidi, kwa sababu unaonja mwaka wenyewe bila uchambuzi. Mwisho, wakikupa eszencia, utapewa kijiko. Ni mchuzi uliotiririka wenyewe kutoka kwenye punje za aszú bila kukamuliwa, wenye sukari ya gramu 450 au zaidi kwa lita. Tema mvinyo unaoonja, usiumeze. Vikombe sita vya nusu desilita ni desilita tatu, zaidi ya theluthi ya chupa, na bado una treni ya kurudi.

Siku ya pili nenda Tarcal, kituo cha jirani kwa treni, upande kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Teresa katikati ya mashamba. Au chukua teksi hadi Mád, ambako udongo ni wa majivu ya volkano. Ukiwa na muda wa sehemu moja tu, sisi tungechagua Mád. Juu ya Kopasz kuna udongo laini ulioletwa na upepo, na tofauti yake na Mád utaiona kwa macho na utaionja kwenye Furmint kavu.

Kuhusu kurudi: chupa ya aszú ni ya mililita 500. Forodha ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri lita 2 za mvinyo bila ushuru, yaani chupa nne. Zifunge kwenye nguo, zikae kwenye begi la kupakiwa. Usibebe kipande cha mzabibu, hata kimoja. Kinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na wadudu au virusi wanaweza kufika shambani kwako pamoja nacho.

Je, inawezekana Dodoma? Aszú, hapana. Hatuna mto wa kutupa ukungu wa asubuhi wakati zabibu zimeiva, na kuvu tunaowajua zaidi, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, hawana faida yoyote kwenye pipa. Jina la Tokaji pia linalindwa kisheria. Lakini mvinyo mtamu wa zabibu zilizokaushwa unawezekana, na Chenin Blanc yako inafaa kwa sababu ya uchachu wake. Jaribu kilo 100 za vichala visivyo na jeraha, vikiwa na sukari ya digrii 22 za Brix. Vitandaze tabaka moja kwenye chekeche za waya, kivulini penye upepo, uvifunike na chandarua kuzuia nyuki na inzi wa matunda. Pima kila siku. Uzito ukishuka kwa theluthi moja, sukari itakuwa karibu na digrii 33: kamua siku hiyo hiyo. Tarajia lita 30 hivi za mchuzi, si zaidi. Kichala chochote kinachonuka siki kitupe kizima, usijaribu kukiokoa.