Unauziwa nyumba, au unauziwa kuta?

Maswali ya wasomaji kuhusu viwanja na nyumba

SWALI: Nina akiba ya shilingi 1,100,000. Dalali amenionyesha nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Majengo, hapa Malindi, kwa 900,000. Karatasi iliyopo ni mkataba uliotiwa saini mbele ya chifu. Ati hatimiliki haina haja. Ninunue nipangishe?
Mama S., Maweni

JIBU: Mama S., kabla ya bei, uliza ardhi ni ya nani. Mwambao wetu una desturi kongwe ya nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa ijara. Dalali hakudanganya aliposema hatimiliki haina haja. Alilolinyamazia ni kwamba hakuna hatimiliki ya kukupa. Saini ya chifu nayo inashuhudia tu kwamba mlipatana. Haihamishi kitu kwenye rejista ya ardhi.

Anza na risiti za ijara. Taka za miezi 12 iliyopita, utazame zimeandikwa jina la nani na zimetolewa na nani. Ukikuta jina la marehemu babu yake muuzaji, jua warithi ni wengi na anayekuuzia ni mmoja. Taka kwanza mirathi iliyopitishwa na kadhi au mahakama, na saini za wote. Kisha tafuta namba ya kiwanja ufanye sachi rasmi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi. Itakuonyesha mwenye ardhi, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Ardhi ikiwa ya wakfu, yaani iliyotolewa kwa ajili ya dini, usitarajie kuja kuinunua siku moja. Utabaki kwenye ijara.

Linalorukwa na wengi ni kukaa na mwenye ardhi mwenyewe, si mkusanya ijara wake. Andikeni kwa wakili mkataba wa watu watatu: muuzaji, wewe na mwenye ardhi. Useme ijara ni kiasi gani na inapandaje, ni ya miaka mingapi, kama unaruhusiwa kubomoa ukuta wa udongo na kujenga wa mawe, na kwamba kiwanja kikiuzwa utaulizwa wewe kwanza. Bila maandishi hayo, mwenye ardhi akifa na warithi wakauza, mnunuzi mpya anaweza kukwambia uondoe kuta zako. Benki nayo haitazipokea kuta hizo kama dhamana ya mkopo.

Sasa hesabu. Tuseme chumba ni 2,500 kwa mwezi. Sita ni 15,000, lakini hesabu kimoja kitupu daima: 12,500. Toa ijara 1,000 na matengenezo 1,500, unabaki na 10,000. Basi 900,000 zitarudi kwa miezi 90, yaani miaka saba na nusu. Kwa nyumba isiyo na ardhi, sisi tunaona huo ni muda mrefu mno. Tungelipa kiasi kinachorudi kwa miaka minne, 480,000, na mwenye ardhi akikataa kutia saini, hata hizo tusingelipa.

SWALI: Tumenunua nyumba ya kale Mkomani, Lamu, tukitaka kupangisha wageni. Lipu inabambuka chini, na fundi ataka kupiga simiti. Tumwachie?
A.M., Lamu

JIBU: Msimwachie. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na chumvi kutoka chini, kisha huutoa nje polepole. Simiti huufungia ndani. Chumvi inasukuma lipu kwa nyuma mpaka ianguke pamoja na uso wa jiwe. Bandueni iliyooza, acheni ukuta ukauke, mrudishe lipu ya chokaa kwa tabaka nyembamba. Pia chomekeni bisibisi kwenye vichwa vya boriti pale zinapoingia ukutani, hasa chini ya bafu. Ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo ni ya kubadilishwa kabla ya rangi na mazulia. Mji wa Kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo pateni kibali cha Makavazi ya Taifa na cha kaunti kabla ya kugusa ukuta. Na bei ya vifaa iulizwe mpaka mlangoni: jahazi, kisha punda.

SWALI: Ploti ya futi 50 kwa 100 nje ya Malindi inaitwa "thumni ya ekari". Hatimiliki niliyoonyeshwa ni ya shamba lote. Ni sawa?
Kijana wa Barani

JIBU: Kwanza si thumni. Futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Thumni ya ekari ni 5,445, na huenda njia ikakatwa humo humo. Pili, hiyo ni hati ya shamba, si ya ploti yako. Shamba likiwa la kilimo, kibali cha bodi ya ardhi kiombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mauzo ni batili. Lipa asilimia 10 kupitia wakili, na salio lingoje namba mpya ya ploti yako itoke na saveya akuonyeshe bikoni (alama za mipaka) zote nne ukiwa umesimama hapo. Ushuru wa stempu ni juu yako: asilimia 2 mashambani, 4 mjini.