Chai ya saa nne: nani achemshe, nani aoshe

Mwezi uliopita nilijibu swali moja tu la vikombe vya ofisini, kumbe nimechokoza mzinga. Meseji za wiki hii karibu zote ni chai, chai, chai. Nimechagua hizi, nyingine zimefanana mno.

Shikamoo mama. Niko fildi kwenye ofisi moja hapa Tabora mjini, wiki ya tatu sasa. Tuko wanafunzi watatu, wavulana wawili na mimi. Tangu siku ya pili chai nachemsha mimi, vikombe naosha mimi, wenzangu wako masijala wanafundishwa mafaili. Nikikataa naogopa alama. Nifanyeje? (Binti wa Isevya)

Marahaba mwanangu. Kuchemsha chai si kujidhalilisha, hata mimi kazi nilianzia kwenye birika. Kinachonikera ni hesabu yake. Chai ya ofisi nzima, kuanzia kuteka maji, kuchemsha, kugawa, kukusanya vikombe na kuosha, inakula si chini ya saa moja. Fildi ya wiki nane, siku tano kwa wiki, hiyo ni saa arobaini. Yaani wiki nzima ya kazi imeishia jikoni. Siku ya kujaza daftari la fildi wenzako wataandika walivyojifunza kufungua jalada na kufuatilia barua. Wewe utaandika nini, kwamba majani huingia maji yakishachemka?

Usikatae mbele ya watu. Anayekupa alama ni mtu mzima, na mtu mzima hapendi kuumbuliwa. Mfuate asubuhi kabla ofisi haijachangamka, msalimie vizuri, kisha mwambie: "Naomba sisi watatu tupange zamu ya chai, ili na mimi nipate siku za kujifunza masijala." Hapo hujamlaumu mtu wala hujagoma. Umeomba kujifunza, na sijui msimamizi gani atamnyima mwanafunzi hilo.

Zamu ikipatikana, anza wewe Jumatatu, na wale vijana wasimame hapo waone. Najua kitakachotokea Jumanne: italetwa chai kama maji ya kuoshea vyombo. Inywe. Tena inywe yote. Ukisema tu "lete nirekebishe", zamu imekufa palepale na birika limerudi mkononi mwako hadi uondoke.

Na nyie mabosi mnaosoma hapa: mgeni akijitolea kuchemsha siku ya kwanza, hiyo ni adabu yake. Akiwa bado anachemsha siku ya ishirini, mmepata mhudumu wa bure.

Ofisini tumeachana na sukari, chupa ya chai tunaitia asali ya Sikonge kabisa. Mwenzetu mmoja ana kisukari, tukamwambia asali haina shida, ni dawa. Juzi kakataa kunywa na watu wamenuna. Nani mkosaji? (Mweka hazina wa chai, Cheyo)

Nyie. Naipenda asali yetu ya miombo kuliko ninavyoipenda mishahara yangu ya mwanzo, lakini ikiingia kwenye damu ya mgonjwa wa kisukari ni sukari tu. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali kundi moja na sukari ya kwenye bakuli. Ushauri wao ni kwamba sukari ya namna hiyo isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000 kwa siku ni kama gramu 50, yaani vijiko kumi na viwili vya chai, na wanasema ikipungua hadi nusu yake ni bora zaidi. Hao ni watu wazima kwa ujumla, wenye kisukari tusiwaguse. Sasa mchukue yule mwenzenu wa vijiko vinne kila kikombe (kila ofisi anaye), mpe vikombe vitatu. Kamaliza ya siku nzima na andazi hajaligusa.

Hili nalijua kwa aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa naweka sukari ndani ya chupa, ili vijiko visichafuke. Kulikuwa na mzee mmoja, kila siku anachukua kikombe chake cha bati chenye kifuniko, anashukuru, anakwenda nacho mezani. Siku moja nikapita dirishani kwake kwa nje nikamwona anamwagia ua. Lile ua lilikuwa na sisimizi tele. Mzee alikuwa na kisukari, na muda wote huo hakutaka kuniaibisha.

Tangu hapo chupa yangu haiingizwi kitu kitamu. Chai ya rangi tupu, sukari kwenye bakuli lake, asali kwenye chupa yake na kijiko kikavu. Tangawizi na iliki ziweke ukipenda, ila uliza kwanza, wapo ambao tangawizi inawachoma kifua. Mwenzenu muombeni radhi, na kesho mpeni kikombe cha kwanza.

Bosi wetu kila akipewa chai anasema imepoa, wakati maji tumeyaona yakitokota. (Gongoni)

Tabora iko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Yakiingia kwenye chupa ya baridi yanapungua, yakiingia kwenye kikombe cha baridi yanapungua tena. Suuza chupa kwa maji ya moto kabla ya kumimina chai, na kikombe chake vilevile. Atanyamaza.

Ila usimshindilie aipige ikiwa inaunguza. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na hapa wanasema umio, njia ya chakula. Wazee wetu waliomimina kwenye kisosi na kupuliza hawakuwa washamba.

Umeme ukikatika saa nne tunakaa tu kuusubiri. Kuna njia? (Ipuli)

Chemsheni saa mbili umeme ukiwepo, mjaze chupa nzuri. Mkishindwa, mtumeni mtu kwa mama ntilie. Kwihara ni hapo jirani tu: mwaka 1872 Livingstone alikaa pale miezi mitano akisubiri wapagazi watoke pwani. Chai isisubiriwe namna hiyo.

Nimehamia Tabora kikazi kutoka Kigoma, nimekuja na kahawa ya Manyovu. Wenzangu wameitumbukiza kwenye birika la umeme kama majani ya chai, unga umewakwama kooni, sasa wanaicheka. Nawafundishaje bila kuonekana najidai? (Kanyenye)

Karibu sana. Reli ilifika kwenu mwaka 1914, miaka miwili baada ya kufika kwetu, kwa hiyo mtuvumilie sisi wakubwa tukikosea.

Usiwafundishe, wapikie mara moja. Hiyo ni arabika, haitaki kuteswa. Chemsha maji, acha mtokoto utulie kidogo. Weka kahawa kwenye jagi, vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwa kila kikombe, mimina maji, koroga mara moja, funika. Ngoja dakika nne. Utaona unga umezama na juu kumebaki povu la hudhurungi. Livute kwa kijiko, kisha mimina taratibu, na ile ya chini kabisa usiigombanie, iache. Wanunulie na kashata, maana mtu aliyezoea chai ya sukari ukimpa kahawa chungu mikono mitupu atadhani umemkasirikia. Birika la umeme lioshe wewe mwenyewe, wakuone, kwa sababu harufu ya kahawa ikibaki humo, chai ya kesho itakusema.

Mteja tuliyemaliza shauri lake aliacha elfu ishirini mezani, akasema "mnywe chai". Ofisi ni ya umma. Wenzangu wanasema huo ni ukarimu wa kwetu, haukataliwi. (Asiyetaka mtaa wake utajwe)

Kiswahili kimeionea chai: kinywaji na hongo vimepewa jina moja. Ndiyo maana hela hiyo ikiwekwa mezani kila mtu anatazama dirishani.

Wenzako wanasema kazi ilikuwa imeshaisha, kwa hiyo hakununua kitu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwenye kishawishi cha kabla. Inagusa na malipo ya shukrani ya baada, aliyetoa na aliyepokea. Na achana na sheria kidogo: mteja wa kesho aliyekaa kwenye benchi ameona. Yeye ana elfu ngapi?

Mtu kama huyo mara nyingi hana nia mbaya, kwa hiyo usimpigie kelele. Mrudishie palepale, mwenzako mmoja akiwepo, useme: "Mzee, chai ipo, karibu wewe kikombe." Kisha mmimine kweli. Heshima yake inabaki na hela yake inabaki. Kama ameshaondoka, ipelekeni kwa mkuu wa ofisi leo hii, iandikwe, apigiwe simu aje kuichukua. Isilale kwenye droo.

Mwezi wa Ramadhani tuache chai kabisa? Nusu ya ofisi wanafunga. (Ng'ambo)

Waulizeni, wengi watawaambia endeleeni. Hamishieni chupa chumba cha nyuma, msitembee na vikombe kwenye meza za watu, na anayefunga mtoeni kwenye zamu bila kusubiri aombe. Nimewahi kuona aliyefunga akitumwa kuonja kama sukari imekolea. Sina la kusema.

Nikimpelekea mkuu wa idara chai, nipige goti? Nyumbani kwetu Nzega nimelelewa hivyo. (Msichana mpya)

Ofisini mikono miwili inatosha. Weka kikombe upande wake wa kulia, mbali na makaratasi, mpini ukimwelekea. Akija mzee mgeni na goti likakunjika lenyewe, liache likunjike, hakuna atakayecheka hapa Unyamwezini. Ila asiwepo bosi wa kukudai goti.

Mhudumu akiwa likizo nani aoshe vikombe? (Wa mwisho, Kiloleni)

Aliyekunywa. Ndiyo, na bosi. Niliwahi kumkuta mkuu wa idara jikoni saa tano, mikono ya shati imekunjwa, anasugua kisosi chenye doa la juzi ambalo si lake. Hakusema kitu, na mimi nikajifanya nimefuata maji. Kesho yake sinki lilikuwa tupu.