Trekta dogo likisota mchangani: uzito kiasi gani, na uwekwe wapi

Ukiteremsha plau kwenye mchanga wa Kisauni au Likoni na tairi za nyuma zikaanza kuzunguka bure, usikimbilie kurundika mawe. Pima kwanza. Chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi la nyuma, inua plau, endesha shambani mpaka tairi lizunguke mara 10, kisha pigilia vigingi mwanzo na mwisho. Rudi, teremsha plau, pita umbali uleule kwa gia ileile ukihesabu tena. Mizunguko 11 hadi 11 na nusu ni sawa. Ikiwa 12 kwenye mchanga mkavu, vumilia. Kuanzia 13, trekta linataka msaada. Chini ya 10 na nusu, uzito umezidi: unashindilia udongo, unachoma dizeli na kuumiza gia.

Alama za meno ya tairi nazo husema. Zikibaki kamili kama mhuri, trekta ni zito mno. Zikifutika zote, ni jepesi. Unachotaka ni alama iliyovurugika katikati, ila kingo zake bado zinaonekana.

Msaada wa kwanza ni wa bure: punguza upepo. Mafundi wa panchari hupenda kujaza tairi la trekta kama la lori. Shambani, psi 12 hadi 15 hutosha kwa matrekta mengi madogo, mradi jedwali la tairi linaruhusu kwa uzito huo. Ukishuka zaidi, rimu huteleza ndani ya tairi, tyubu huvutwa na valvu hukatika shinani.

Bado linasota? Tia maji kwenye tairi za nyuma. Tairi la saizi ya 11.2-24 hubeba takriban lita 110, kwa hiyo mawili hukupa kama kilo 220, nao ni uzito mzuri kwa sababu uko chini na haulemei ekseli. Inua gurudumu kwa jeki, weka mbao imara chini ya ekseli, zungusha mpaka valvu iwe juu kabisa, fungua kisindano cha ndani, unganisha mpira wa maji. Kila baada ya dakika chache toa mpira, hewa ipumue. Maji yakianza kutoka kwenye valvu, tairi limejaa robo tatu. Acha hapo, rudisha kisindano, tia upepo. Ukilijaza lote hakuna mto wa hewa unaobaki, na likigonga jiwe la tumbawe huumia.

Hapa Mombasa kosa kubwa ni maji yenyewe. Visima vingi vina chumvi. Tumia maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba. Kwenye nchi za barafu huchanganya chumvi ya kalisi ili maji yasigande. Sisi hatuna haja nayo, na hula rimu. Tairi lisilo na tyubu litie tyubu kwanza, maana maji yakigusa chuma moja kwa moja kutu haichelewi.

Plau inayoning'inia nyuma huinua pua ya trekta. Usukani ukiwa mwepesi kupita kiasi, funga vyuma vya uzito mbele kwenye bamba lake, kimoja kimoja, ukijaribu kila mara. Usimkalishe mtu kwenye boneti. Akianguka, yuko mbele ya tairi.

Pipa la zege, linaloning'inizwa kwenye mikono ya nyuma ya trekta, ni la kazi nyingine: kusawazisha kijiko cha kubebea mchanga mbele. Nusu ya pipa la lita 200, kwa mchanganyiko wa simiti 1, mchanga 2, kokoto 4, huwa na kilo 240 hivi. Mfuko mmoja wa simiti watosha. Soma kwanza kitabu cha trekta ujue mikono ya nyuma huinua kilo ngapi. Kwa matrekta mengi madogo pini za kulifungia kwenye mikono hiyo, za chini ni za milimita 22 na ya juu 19. Mchanga uwe wa mtoni; wa ufuoni una chumvi, nayo huozesha chuma ndani ya zege. Limwagie maji siku 7, na usilipe kazi nzito kabla ya siku 28.

Ukitembea na pipa hilo, lishushe karibu na ardhi. Barabarani rudisha upepo kwanza na uanze kufunga breki mapema, kwani trekta lililoongezewa uzito huchelewa kusimama. Baada ya saa ya kwanza ya kazi, kaza upya bolti zote ulizofunga.