Kabla ya Kuwahutubia Wafanyakazi Wako, Kagua Mzani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja kijana, aliyekabidhiwa hivi karibuni usimamizi wa zamu katika kiwanda cha kubangua korosho, akiniuliza ni maneno gani awaambie wafanyakazi wake ili wapate ari ya kazi. Kwa maelezo yake, amekwisha kupanga kuwanunulia fulana zenye kaulimbiu, kumwalika mzungumzaji kutoka Dar es Salaam, na kuanza kila Jumatatu kwa hotuba fupi. Nilimjibu kwamba hayo yote yasubiri, aanze na mzani. Kwa kuwa wengi wenu mmekabidhiwa watu, au mnatamani siku moja kukabidhiwa, naona ni vyema nieleze kwa urefu sababu za jibu hilo.

Mimi niliingia katika kazi hii nikiwa mbanguaji wa kawaida, mkoani Mtwara, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na bila mtu wa kunishika mkono. Anayekula korosho mezani si rahisi kujua yaliyotangulia: korosho ghafi hupangwa kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke, kisha huachwa zipoe na kukauka hadi ganda liwe la kukatika vizuri, ndipo humfikia mwanamke aliyeketi mbele ya mashine ndogo yenye visu viwili, mkono ukivuta mpini na mguu ukikanyaga chini. Mafuta ya ganda huchoma ngozi, na wengi wetu tulikwenda hata kwenye sherehe za Idi tukiwa na vidole vyeusi. Tulilipwa kwa kilo, na korosho nzima ililipwa zaidi kuliko iliyovunjika, kwa sababu hata sokoni ndivyo ilivyo: daraja la W320, yaani korosho nzima nyeupe zisizozidi 320 katika pauni moja, haliwezi kuuzwa kwa bei ya vipande. Nilikuwa miongoni mwa wabanguaji bora wa zamu yetu, na ninalisema hilo kwa fahari, kwa kuwa ni kazi inayodai jicho, mkono mwepesi na subira nyingi.

Meneja aliyetusimamia wakati huo, ambaye sitamtaja jina wala kiwanda chake, alikuwa msemaji hodari. Kila Jumatatu asubuhi alitukusanya uani akatuhutubia kuhusu kujituma na kuipenda kazi, na ukutani alibandika maandishi makubwa yenye ujumbe huohuo. Mzani, hata hivyo, ulikuwa ndani ya ofisi. Tulipeleka ndoo zetu mlangoni, karani akapima akiwa ametupa mgongo, akaandika katika daftari lake, nasi tukarudi mezani bila kujua kilichoandikwa. Zaidi ya hapo, mtu anayelipwa kwa kilo hapati chochote kwa muda anaosimama uani kusikiliza, kwa hiyo kila hotuba ya kututia moyo ilikatwa katika unga wa watoto wetu. Jambo hilo wabanguaji walilizungumza kila Jumatatu, ila si mbele yake. Korosho zilizovunjika zilipozidi, yeye alisema wanawake wa kusini ni wavivu, na mahudhurio yalipopungua alisema hatuna shukrani.

Baadaye nilihamishiwa kwenye chumba cha kupanga madaraja, na huko nikabuni mpangilio mpya wa meza uliopunguza korosho nzima kuchanganyika na vipande. Niliuchora mpangilio huo katika daftari, nikamweleza meneja, akanisifu. Wamiliki walipokuja kukagua, aliwaonyesha meza zile akasema kwamba aliumiza kichwa usiku kucha kupata wazo hilo, na mimi nikiwa nimesimama palepale na daftari langu mkononi. Sikupata neno la kusema. Miaka imepita, nimepanda vyeo, lakini jambo lile bado linaniuma, wala sioni haya kulikiri. Tangu siku ile niliendelea kufanya kazi yangu sawasawa, ila sikumpelekea wazo jingine lolote, na ninaamini alipoteza mengi bila kujua, kwa maana wenzangu nao walikuwa wameona.

Nilipokabidhiwa uzalishaji katika kiwanda kingine, jambo langu la kwanza lilikuwa kuutoa mzani ofisini na kuuweka katikati ya ukumbi, uso wake ukiwaelekea wabanguaji. Kila mmoja alisoma uzito wake mwenyewe kwa sauti, karani akaandika katika daftari la kiwanda na katika kijitabu ambacho mbanguaji alibaki nacho. Bei ya kilo ya korosho nzima na ya vipande iliandikwa ubaoni, na ilipobadilika, ilibadilishwa ubaoni kabla ya kazi kuanza, wala si siku ya malipo. Mama mmoja mtu mzima, ambaye alikuwa amebangua tangu mimi nikiwa msichana, aliniambia, “Mwanangu, sasa nikirudi nyumbani najua nimebeba nini.” Sikutoa hotuba yoyote wiki ile, lakini watu walianza kufika kabla ya kengele.

Naomba msomaji usilipite jambo hili haraka. Mfanyakazi asiyeamini mzani wako hawezi kuamini mdomo wako. Iwe ni kilo za korosho, saa za ziada, zamu za usiku au alama za tathmini ya mwisho wa mwaka, mahali pa kazi pana mzani wake, na walio chini yako wanajua vizuri kuliko wewe kama unapima kwa haki.

Jambo la pili linafanana na la kwanza. Msimu mmoja korosho zilivunjika kuliko kawaida, na wakubwa wangu wakataka majina ya wazembe. Badala ya kupeleka majina nilikaa mezani nikabangua mwenyewe, kwa kuwa mikono yangu haijasahau, na baada ya ndoo ya kwanza nikaelewa kwamba tatizo halikuwa mezani. Korosho zilikuwa zinatolewa kwenye mvuke kabla ya wakati na kuletwa kwetu kabla hazijapoa vya kutosha, ili kuziba pengo la siku ambazo boila ilisimama. Ganda la namna hiyo halikatiki, hupondeka, na kiini kilichomo ndani huvunjika hata kama mkono ni wa fundi. Nilimwomba fundi wa boila aje akae mezani asubuhi nzima, aone kwa macho yake. Alitoka pale kimya, na tangu hapo alikataa kutoa mzigo ambao haujaiva, hata alipokuwa anasukumwa. Wanawake wale wangehubiriwa mwaka mzima kuhusu umakini, wasingeongeza hata kiganja kimoja cha korosho nzima.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wenzangu: kabla hujasema kwamba watu wako hawana ari, kaa mahali wanapokaa, ushike wanachoshika. Na ukipata wazo kutoka kwa mtu, litaje jina lake mbele ya wakubwa, naye akiwa anasikia. Jambo hili halina gharama hata ya shilingi moja, na bado ni wachache sana wanaoliweza.

Lipo pia suala la haki za kisheria, ambalo wazungumzaji wa hamasa hawaligusi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara kumruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Katika ukumbi uliojaa akina mama wenye watoto wachanga, niliona kwamba kulitekeleza hilo bila kununa kulileta utulivu ambao zawadi ya mfanyakazi bora ya Mei Mosi haiwezi kuuleta, kwa kuwa zawadi ile humfikia mmoja na wengine wote hubaki kupiga makofi. Vivyo hivyo michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hukatwa isiyozidi nusu yake: ukimkata mtu kisha fedha zisifike kwenye mfuko, usishangae anapokutazama bila kukuona. Kiongozi wa zamu hana funguo za hazina, nalijua hilo, lakini ana mdomo wa kuuliza kwa niaba ya watu wake, na anapaswa kuutumia hata kama jibu litachelewa.

Kijana wangu aliuliza pia afanye nini na wanaotoroka kazi mara msimu wa mavuno unapoanza. Hili ni gumu, na ukali haulitibu. Wabanguaji wengi wa Mtwara na Lindi wana mikorosho yao wenyewe, na kuanzia Oktoba matunda yanapoanguka hawawezi kuyaacha chini yaharibike ili waje kubangua korosho za mtu mwingine. Mimi huketi nao mwezi Septemba, kabla ya minada kuanza, kila mmoja akataja siku anazohitaji shambani na jirani yake wa meza akakubali kushika nafasi, kisha orodha hiyo tunaibandika karibu na mzani. Siku za ndugu kuugua na siku za misiba hazipangiki, hizo tunazimaliza kwa kuelewana. Anayeondoka bila kuaga baada ya utaratibu huo namwita peke yake, namsikiliza kwanza, na mara nyingi nimekuta kuna mgonjwa nyumbani au deni la duka. Akirudia bila sababu, namwandikia barua kama taratibu zinavyotaka, na wenzake hawanung’uniki, kwa sababu orodha waliipanga wao.