Ukikutana na 4,294,967,297, usikimbilie kugawanya

Namba hii ilinila jioni tatu nikitafuta vigawo vyake. Naandika ili wewe ikuchukue nusu saa.

Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alizitazama namba za ukoo huu, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukaongeza 1: 3, 5, 17, 257 na 65,537, akaona zote ni tasa, akaamini kwamba hata zinazofuata ni tasa. Inayofuata ndiyo hii. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Nilitaka kuifikia 641 kwa kalamu na karatasi. Nikaanza kwa mazoea: jumla ya tarakimu ni 59, basi 3 haiigawi, haiishii na 0 wala 5, nikaingia 7, 11, 13, na kuendelea. Kumbe 641 ni namba tasa ya 116! Nilichoka kabla sijafika nusu ya njia.

Kwa hiyo, kabla ya kugawanya, chunguza namba imeundwaje. Kigawo tasa chochote cha hii lazima kibakize 1 ukikigawanya kwa 64. Sababu ni kwamba, ukigawanya kwa kigawo hicho, 2 kwa kipeo cha 32 inabakiza −1 (yaani imepungua moja ili igawanyike), na kipeo cha kwanza cha 2 kinachobakiza 1 ni cha 64. Kanuni ya Fermat mwenyewe juu ya namba tasa inamalizia kazi: kigawo hicho tukikiita p, 2 kwa kipeo cha p − 1 inabakiza 1, kwa hiyo 64 lazima iigawe p − 1. Namba tasa zinazobaki, hadi 641, ni 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu. (Hapa ndipo ninapomheshimu Euler kuliko popote.)

Pia usibebe tarakimu kumi zote, beba baki. Chukua 641. 2 kwa kipeo cha 16 ni 65,536, na ukigawanya kwa 641 inabaki 154. Ili kufika kipeo cha 32, zidisha 154 kwa 154 upate 23,716. Sasa tazama: 641 × 37 ni 23,717. Imepungua moja tu, na ile moja tunayo tayari, ndiyo iliyoongezwa mwishoni mwa namba yetu. Nilipoiona nilirudia hesabu mara mbili kwa furaha. Ukifanya hivyohivyo kwa 193 itabaki 109, na kwa 257 itabaki 2.

Usiishie hapo, pima pia kama 6,700,417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, basi huna haja ya kujaribu vigawo vinavyozidi hapo. Vigawo vyake ni vigawo vya namba ya awali pia, kwa hiyo vilivyo chini ya 641 umeshaviondoa. Zimebaki namba tasa saba: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Zijaribu zote. Hakuna hata moja inayoigawanya bila baki, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa.